Spika Mbili za Fundi Twalibu

Fundi Twalibu Mshamu alikuwa na ugonjwa wa kugonga vitu. Ukimpa ubao, kabla hajaupima ataugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa atagonga kiti, kisha meza, kisha mlango, na wakati wa kuaga anakwambia mlango wako umeanza kuliwa na mchwa kwa juu. Ukiupasua unawakuta. Watu wanasema hata jeneza la msikiti aliwahi kuligonga. Alhamdulillahi lilikuwa tupu.

Mimi nilimjua vizuri kwa sababu kibanda chake cha useremala kilikuwa ng'ambo ya njia, mkabala na meza yangu ya vitumbua, pale sokoni Kibiti. Alikuwa Mmatumbi, mtu wa vilima vya kusini. Alikuja Kibiti kijana, na msumeno mmoja na randa ya kuazima, akamwoa Waride, binti wa watu wa delta, wale ambao babu zao walikuwa wafanyabiashara na mpaka leo wanasema "tafadhali" hata wakimfukuza kuku. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko, hatua kama sitini kutoka kibandani. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe, na ambayo sikuyaona alinieleza Waride tukiwa kisimani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na chumvi na mwenye duka tu, sasa yalijaa sabuni za kunukia, saa za kumetameta na redio za kila umbo. Mwaka wa tisini na tatu mfanyabiashara mmoja wa korosho kule Ikwiriri akanunua muziki mzima, na spika zake zikawekwa barazani siku anamwoza binti yake. Fundi Twalibu alialikwa kwa kuwa ndiye aliyetengeneza kitanda cha bibi harusi. Alirudi amebadilika.

"Besi ilinipiga hapa," aliniambia, akijigonga kifuani. "Mama Vitumbua, nakuapia, nilikuwa nimeshika glasi ya sharubati, na sharubati ikacheza kabla yangu."

Nyumbani kwake walikuwa na redio ndogo ambayo ilisema pale tu Waride aliposhika antena kwa mkono mmoja na kugusa dirisha kwa mkono wa pili. Taarifa ya habari ikianza, Waride anasimama. Ikija salamu za wagonjwa, Waride bado amesimama. Kwa hiyo mumewe alipotamka neno muziki, mama yule hakupinga hata kidogo.

Mungu naye akaleta kazi. Shule moja ya upande wa Ruaruke iliagiza madawati arobaini, na zaidi ya ajabu, ikalipa. Waride alitangulia kutoa fedha za bati na sare za watoto. Zilizobaki, elfu themanini, wakakubaliana ziwe za muziki. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana fedha ya muziki si ya kitu kimoja. Kuna spika, na kuna mashine ya kuziendesha.

Walikaa barazani watatu: Twalibu, Waride, na Bushiri, fundi redio. Bushiri alikuwa mwembamba, na bisibisi yake aliichomeka juu ya sikio kama karani na kalamu. Yeye na Twalibu waliitana "fundi" miaka yote, na ukisikia wamegombana ni kwa "fundi" hizo hizo, ila zimekazwa.

"Fundi," akaanza Bushiri, "theluthi spika, theluthi mbili mashine. Amplifaya ndiyo inayosukuma. Bila nguvu, spika ni sahani ya karatasi."

"Fundi, umewahi kusikia amplifaya ikiimba?"

"Na wewe umewahi kusikia spika ikiimba peke yake?"

"Nimesikia. Ikwiriri."

"Ile ya Ikwiriri ilikuwa na amplifaya nyuma, fundi."

"Mimi nyuma sikwenda. Nilikaa mbele, na sauti ilitoka mbele."

Bushiri akamgeukia Waride kuomba msaada. Waride alikuwa akisuka ukili, hakuinua kichwa.

"Baba Zamda," alisema, "wale wateja wako unaowacheka, wanaonunua kitanda cha mninga halafu hawana godoro, wanalalia mkeka mpaka mbavu zinachora mistari. Kwani wao walikosea wapi?"

"Walitumia fedha yote kwenye kitanda."

"Haya."

Twalibu akagonga nguzo ya baraza. Lakini alikuwa seremala, na moyo wa seremala uko kwenye boksi. Alishikilia kwamba boksi angelitengeneza mwenyewe kwa mbao nzito za mkongo kutoka Ngarambe, kwa hiyo spika zake zingekuwa nafuu, na hiyo nafuu irudi kwenye spika zilezile ziwe kubwa zaidi. Bushiri alisema hajawahi kusikia hesabu inayozunguka namna hiyo. Mwishowe Waride aliamua nusu kwa nusu. Akachukua leso ya mumewe, akafunga fundo moja pembe hii, fundo jingine pembe ile.

"Fundo hili spika. Fundo hili mashine. Hayajuani."

"Hayajuani," akakubali Twalibu.

Akapanda lori la korosho kwenda Dar es Salaam, na karatasi ya Bushiri mfukoni yenye majina ya mashine za kutafuta.

Kariakoo aliangukia dukani kwa kijana mmoja aitwaye Haitham, muuzaji mwenye mashati ya maua na maneno ya haraka. Twalibu akatoa karatasi. Haitham akaisoma, akaanza kumshushia amplifaya kutoka rafuni, moja baada ya moja. Twalibu alizigonga. Zililia kama makopo. Hazikumfurahisha. Kisha, ndani kabisa, nyuma ya pazia, akaona spika mbili za inchi kumi na tano, nyeusi, zimelala chali kama masufuria ya shughuli. Akainama, akanyoosha kidole.

"Mzee, usigonge!" Haitham akapiga kelele. "Hiyo ni karatasi!"

"Nataka kuisikia tu, mwanangu."

"Basi nakuwashia. Ila shika kofia yako."

Haitham alipowasha, suruali ya Twalibu ilianza kupepea. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na akiyasimulia alikuwa akisimama kuonyesha ni mguu upi uliotangulia. Hakuuliza zile spika zilikuwa zinaendeshwa na nini. Alifungua fundo la kwanza. Halikutosha. Akasimama akiliangalia fundo la pili, akalitazama kwa muda kama mtu anayeomba radhi, akalifungua nalo.

"Mashine je, mzee wangu?" akauliza Haitham, ambaye hakuwa mtu mbaya. "Hizi zinataka nguvu."

"Kimebaki hiki. Nipe mashine ya hiki."

Haitham akampa kiamplifaya kidogo cha kuweka ndani ya gari, kinachotumia betri, chenye ukubwa wa mche wa sabuni. Akakifunga kwenye gazeti, na akamwombea safari njema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Waride alipofungua mzigo, spika alizisifu. Kisha akafunua gazeti.

"Na hii ndiyo nini? Ya kuchajia?"

"Ndiyo mashine."

Waride akaigeuza, akatazama chini, akatazama juu. "Mashine yenyewe, au mtoto wake?"

"Mafundo yalijuana, Mama Zamda," akasema Twalibu kwa unyonge. Waride alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani ndiyo sababu ndoa ile ilidumu.

Kazi ya maboksi ilichukua wiki tatu. Boksi la kwanza alilianza msimu wa mvua, na kwa kuwa kibanda chake kilivuja, akalijengea ndani ya nyumba, sebuleni. Lilipokamilika lilikuwa na kimo cha kifua cha mtu mzima, mbao za unene wa vidole viwili, limepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona. Halikuweza kutoka mlangoni. Twalibu akasema si neno, mahali pake ni ndani. Kwa boksi la pili mvua ilikuwa imekatika, akalijengea kibandani, kwa vipimo vilevile. Hilo nalo halikuweza kuingia mlangoni. Aliwaita wanaume sita, wakalijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa chini juu. Walilisukuma mpaka kizingiti kikalia, na mmoja wao akashauri ivunjwe nyumba. Wakalirudisha kibandani. Hivyo ndivyo spika za Twalibu zilivyoishi mbalimbali kama ndugu waliogombania urithi, moja sebuleni, moja sokoni mbele ya meza yangu.

Siku ya kuijaribu ile ya sebuleni tulijaa nyumba nzima. Nilifunga biashara. Bushiri akaleta deki yake ya kaseti, akafunga betri ya gari, akachomeka kile kisabuni. Akatutazama kama daktari anayejua majibu. Akawasha.

Hatukusikia kitu. Watoto wakanyamazishwa. Kuku akatolewa. Twalibu akapiga magoti na kuweka sikio kwenye spika.

"Anaimba," akanong'ona. "Yupo. Anaimba."

Tukapanga foleni kusikiliza mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu niliinama, na kweli, mbali sana, alikuwepo mtu, kama mwanamke anayeimba taarabu akiwa chini ya kisima na mfuniko umefungwa. Mzee mmoja alisema yeye anasikia kisomo. Tulimwacha na imani yake.

Bushiri hakusema "nilikwambia". Alizungusha waya zake taratibu, na kila akizungusha alikohoa kidogo. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko kusema.

Zikapita karibu miezi saba. Boksi la sebuleni likawa kabati. Juu yake vilikaa birika, kandili na Kurani katika mfuko wake. Boksi la kibandani liliulizwa bei karibu kila siku, kwa maana kila mpita njia aliuliza ni la nguo au la kuku, na Twalibu akajibu kwa hasira kwamba ni la muziki. Mimi nikapata wateja wa vitumbua waliokuja kumsikia akijibu.

Kisha akapatikana Mwinyimvua, mnunuzi wa kamba kutoka Nyamisati, kule delta. Huyu alikuwa na amplifaya ya gari la matangazo, yenye nguvu na ya kutumia betri, na matundu ya kuchomekea maikrofoni. Aliifunga kwenye boti yake kuwatangazia wavuvi bei ya siku. Wavuvi walimkataza, wakasema anawafukuza kamba. Sasa imekaa bure, naye alikuwa na mke mpya aliyetaka kabati la nguo la milango mitatu yenye kioo. Wakaelewana. Twalibu alifanya kazi ile siku kumi na mbili, na safari hii alipoletewa mashine alimpelekea Bushiri kwanza, haijaguswa.

Bushiri aliipokea kwa mikono miwili. "Fundi," akasema, "sasa umekuwa mtu mzima."

Wiki hiyohiyo mama mkwe wa Twalibu, Bi Hafidha, alikuwa amekuja kutoka delta kutazama wajukuu. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mnene, mcheshi, mwenye maneno, na sikio lake la kushoto halikusikia vizuri. Alilipenda boksi la sebuleni kwa sababu mbao zake zilikuwa baridi. Akaweka kigoda mbele yake na kuegemeza mgongo, na hapo ndipo alipokaa kutwa.

Siku ya gulio, baada ya adhuhuri, Bushiri alitandaza waya. Alitaka spika zote mbili zilie pamoja. Mashine ikawekwa dirishani kwa Twalibu, waya mfupi ukaenda kwenye boksi la sebuleni, na waya mrefu ukapitishwa juu ya mapaa mpaka kibandani. Waya zote zilikuwa za rangi moja, maana ziliuzwa kwa bei nafuu zikiwa za rangi moja. Bi Hafidha alikuwa amelala chumbani, hivyo mafundi walifanya mambo kwa haraka na kwa kunong'ona, ili wasimwamshe. Kwa haraka hiyo, waya wa boksi la sebuleni ukachomekwa kwenye tundu la maikrofoni.

Mimi elimu ya umeme sina. Bushiri alinieleza baadaye kwamba spika na maikrofoni ni watu wa ukoo mmoja. Ukiichomeka spika kwenye tundu la maikrofoni, inaacha kusema, inaanza kusikiliza. Na spika ya inchi kumi na tano, kwenye boksi la mkongo, inasikiliza vizuri kupita kiasi. Tena mashine za matangazo zina adabu yao: tundu la maikrofoni likichomekwa, deki inanyamazishwa.

Walifungua sauti mpaka mwisho, wakawasha deki, wakasikia kimya. Bushiri akasema pengine ya sebuleni imekatika, lakini ya kibandani lazima inalia. Wakaja mbio kibandani. Nayo ilikuwa kimya, inavuma tu kidogo. Wakasimama mbele yake, mikono viunoni.

Soko lilikuwa limejaa. Mashine ya kusaga ya Mzee Sadala, hatua chache kutoka hapo, ilikuwa inaunguruma kama kawaida yake. Ghafla boksi likakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikubwa mno. Mbuzi wa muuza nyama alikata kamba. Mimi nilimwaga upawa mzima wa unga.

"Waride," boksi likasema kwa sauti ya radi, "niletee ungo nichambue mchele."

Kule sebuleni Bi Hafidha alikuwa ameamka, ameketi kwenye kigoda chake, ameegemea.

Twalibu akageuka rangi. Bushiri akafungua mdomo na kuuacha wazi.

"Fundi," akasema Twalibu, "huyo ni mama mkwe."

"Naam, fundi."

"Kazime!"

"Siwezi kuingia, mama yako hajajifunika, ndio kwanza katoka kulala. Nenda wewe."

"Mimi ndiye mkwe! Nitaingiaje?"

Wakasukumana hivyo hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake heshima ya kutangulia, na boksi likaendelea. Watu waliacha ndizi zao na samaki wao, wakasogea.

"Mumeo mtu mwema," boksi likasema. "Ila kugonga kwake! Jana kabisha hodi mlangoni kwangu, nikasema karibu. Haingii. Anaendelea kugonga. Nikasema karibu, baba! Kumbe kasahau hodi, anasikiliza ubao."

Soko lote likacheka. Twalibu akajificha nyuma ya kabati la mteja.

"Mama," likaja jibu la mbali kidogo, la Waride, "husikii kama kuna mtu anapiga kelele sokoni?"

"Namsikia. Mwanamke gani huyo hana adabu? Kila nikisema na yeye anasema. Hasubiri mtu amalize! Na sauti yenyewe, kama debe linaburutwa."

Hapo watu walianza kulia kwa kicheko. Muuza samaki mmoja alilala chini. Mimi nilitaka kwenda kumwambia Waride, wallahi nilitaka, nikapiga hatua mbili, lakini ikaja sauti, "Na yule Sadala mwenye mashine," na miguu yangu ikasimama yenyewe.

Mzee Sadala alikuwa mgane, mtu wa miaka sitini, mpole, daima mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Tangu Bi Hafidha afike alikuwa amekwenda nyumbani kwa Twalibu mara nne kulalamika kwamba kiti chake kinayumba. Kiti kilikuwa hakiyumbi. Twalibu alikigonga kila mara.

"Kila siku yuko hapa na kiti," boksi likasema. "Anakitua, ananitazama, anakibeba. Mwanamume mzima anahama na kiti kama mwali na vyombo vyake."

Mtu mmoja akakimbilia mashineni. "Mzee Sadala! Mzee Sadala! Unatangazwa!"

"Bei gani?" akauliza Sadala, maana mngurumo ulimziba masikio.

"Unatangazwa wewe! Zima!"

Sadala akazima mashine. Soko lote likawa kimya kwa mara moja, na katika kimya hicho sauti ya Bi Hafidha ikatoka safi, imejaa, mpaka barabara ya Utete:

"Lakini sisemi uongo, mwanangu. Akiacha kiti akaja na adabu, mie simkatai. Mtu wa swala, hana makuu, na meno yake mwenyewe."

Kisha kimya kirefu. Bila mashine ya kusaga, naye sasa alikuwa amejisikia.

"Waride," boksi likasema polepole. "Yule mwanamke asiye na adabu ni mimi."

Hapo ndipo Twalibu alipopata akili, akachukua msumeno, akaukata waya. Angeweza kuuchomoa tu. Lakini mtu akiwa katika hali ile hushika chombo cha kazi yake.

Bi Hafidha hakutoka nyumbani siku tatu. Alisema anataka kurudi delta, apitie vichochoroni, tena amefunikwa turubai. Twalibu alikaa nje ya dirisha na kumwomba radhi akiwa ametazama upande mwingine, kwa adabu ya mkwe.

"Mama, nisamehe. Ni waya."

"Si waya, baba. Ni mdomo wangu. Waya umeusaidia tu." Kisha, baada ya kitambo, "Walisikia mpaka wapi?"

Twalibu alikuwa mkweli kupita kiasi. "Mpaka kituo cha mabasi."

Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, Mzee Sadala alikuja. Mwanzo hatukumtambua kwa sababu alikuwa ameoga na hakuwa na unga. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akafuatana na wazee wawili. Kiti hakuja nacho. Waride ndiye aliyewapokea, na Twalibu akaketi pembeni kama msimamizi, jasho likimtoka.

Mmoja wa wazee akasafisha koo. "Tumekuja kwa heshima. Ndugu yetu ana neno. Amesikia…"

"Kibiti nzima imesikia," akasema Bi Hafidha kutoka ndani ya chumba, na wazee wakainamisha nyuso kuficha vicheko.

"Amesikia," mzee akaendelea kwa ujasiri, "naye hana la kuongeza, ila ameona si vizuri mwanamke aseme hadharani na mwanamume akae kimya."

Sadala akajikaza. "Bi Hafidha," akasema kwa mara ya kwanza bila kigugumizi cha woga, "yale ya meno ni kweli. Yote yapo isipokuwa moja la nyuma."

Tulisikia kicheko chumbani, kicheko kinene kikija kwa mawimbi, na hatukuhitaji jibu jingine. Alitoa sharti moja tu: kabla ya kuzungumza habari za mahari, lile boksi ligeuzwe uso uelekee ukutani, na ile mashine itolewe dirishani, na Bushiri mwenyewe aape mbele ya wazee kwamba haisikilizi. Bushiri aliapa huku waya zote mbili ameziinua juu, kila mmoja mkono wake.

Kwa ajili ya shughuli ya ndoa Bushiri alifunga mambo upya. Alipaka waya mmoja rangi nyekundu ya kucha aliyoazima kwa Waride. Safari hii aliiendesha spika ya kibandani peke yake, na alipowasha ilipiga vizuri hivi kwamba Twalibu aliweka mkono kifuani na hakuutoa kwa nyimbo mbili nzima. Mashine ya Mwinyimvua ilitosha kwa spika moja, haikutosha kwa mbili. Hapo ukweli ukajulikana: fedha ya Twalibu ingetosha tangu mwanzo kwa spika moja na mashine yake, na angekuwa amesikiliza muziki miezi saba. Waride alimwambia hilo siku ya harusi yenyewe, akiwa amebeba sinia la pilau, akapita.

Spika ya sebuleni waliing'oa wakamuuzia yule mtu wa korosho wa Ikwiriri, ambaye yake moja ilikuwa imechanika. Boksi lenyewe likabaki, maana halitoki. Kwa fedha ile wakanunua deki yao wenyewe, na Waride akapumzika kushika antena. Twalibu alianza kumwita Sadala "baba", ingawa alikuwa na ugumu nalo kwa mwezi wa kwanza, na mara mbili alimwita "mteja".

Habari za boksi lililokohoa zilienea mpaka Utete, na zilimfaa. Watu walianza kuja kutengenezewa maboksi ya spika, kwa kuwa walisema hata kama habari za muziki wake ni uongo, mbao zake zinasikia vizuri. Alijifunza kupima mlango kabla ya kupima ubao.

Siku moja alikuja mwalimu mstaafu kutoka Utete, amepata kiinua mgongo, ana fedha mfukoni, anataka muziki. Akauliza swali lililo wazi kabisa: agawe vipi kati ya spika na mashine?

"Nusu kwa nusu," akasema Twalibu, "ila nusu ya spika iwe kubwa kidogo."

"Fundi," Bushiri akadakia, "nusu haiwi kubwa. Theluthi na theluthi mbili."

"Fundi, yeye ana chumba kidogo."

"Basi spika ndogo, mashine kubwa."

"Mashine kubwa ya kumpeleka wapi, fundi, mzee wa watu?"

Mwalimu akaja kwangu akala vitumbua vinne na chai. Akarudi, akawakuta bado. Akaenda kuswali alasiri. Aliporudi Bushiri alikuwa anachora kwa chaki juu ya ubao wa mteja, na Twalibu anamfutia. Mwalimu akanilipa, akaniuliza basi la Dar linapita saa ngapi.

Baadaye tulisikia kwamba alifika Kariakoo salama, na fedha zake zote akanunulia cherehani.